Paipu za choo si za kufyonza vumbi la mbao

Mwezi uliopita nilikwenda Chekalini, kaunti ya Kakamega, kumwona shemeji yangu, kaka ya mke wangu. Kabla sijafika langoni nilisikia mlio wa msumeno, na kabla sijaketi nilikuwa nimeanza kupiga chafya. Shemeji amejenga karakana yake ya useremala ikiegemea nyumba, kama wafanyavyo wengi: ukuta mmoja, paa moja la mabati, na dirisha la chumba wanacholala watoto liko hatua chache tu kutoka mlango wa karakana. Meza tuliyoandaliwa chai ilikuwa imepanguswa asubuhi hiyo hiyo. Nilipopitisha kidole juu yake kilitoka na unga wa rangi ya manjano.

"Mulamwa, hiyo ndiyo riziki yenyewe," aliniambia akicheka.

Hata hivyo, hakuwa mtu wa kupuuza mambo. Mtoto wake wa pili ana pumu, na mwaka huu pekee amelazwa mara mbili. Yeye mwenyewe pua huziba kila usiku, na anapopenga asubuhi hutoka damu kidogo. Kwa hiyo alikuwa amenunua feni kuukuu ya kufyonza vumbi, ya nguvu farasi moja na nusu. Nyuma ya mlango alikuwa amepanga paipu za plastiki za kijivu za inchi nne, zile zinazotumiwa kupitishia maji machafu ya choo. Jumamosi iliyofuata alinuia kuziunganisha kutoka kwenye mashine hadi kwenye feni.

Nilimwambia azirudishe dukani. Tukabishana hadi chai ikapoa.

Nayaandika mabishano hayo hapa kwa sababu najua si Chekalini pekee. Langas mjini Eldoret, Kayole na Kariobangi jijini Nairobi, hata katika mitaa yenye mageti na walinzi, watu wamegeuza gereji na vibanda vya nyuma kuwa karakana. Wengine ni wastaafu waliotaka kitu cha kushika mikono, wengine ni vijana waliokosa ajira. Wale wachache wanaokumbuka kufyonza vumbi hukimbilia paipu za choo kwa kuwa ni rahisi kupatikana na hukatwa kwa msumeno wa kawaida. Mimi nilifanya kazi ya ukaguzi wa afya kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, na maoni yangu ni kwamba karakana iliyo ndani ya boma ifungwe paipu za bati, za kupinda na fundi wa bati, hata kama zitachelewesha kazi kwa mwezi mmoja.

Kwanza tuelewane kuhusu adui mwenyewe. Maranda yanayorundikana chini ya randa hayana hatari kubwa kwa mapafu. Ni mazito, yanaanguka, yanafagiwa. Hatari imo katika unga laini unaotoka kwenye msumeno wa meza na hasa kwenye mashine ya msasa. Chembe zinazoweza kupenya ndani ya mapafu zina upana usiozidi maikroni 10, wakati unywele wa binadamu una takriban maikroni 70. Jicho haliwezi kuziona moja moja. Zinabaki zikielea hewani muda mrefu baada ya mashine kuzimwa na fundi kwenda kula, kisha zinaingia dirishani, zinakaa kwenye pazia, kwenye shuka na kwenye sufuria.

Mwaka wa 1995 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, ambalo liko chini ya Shirika la Afya Duniani, WHO, liliweka vumbi la mbao katika kundi la kwanza la vitu vinavyojulikana kuleta saratani kwa binadamu. Uamuzi huo haukutoka hewani. Katika miaka ya 1960 madaktari nchini Uingereza waligundua kwamba mafundi wa fanicha wa eneo la High Wycombe walikuwa wakipatwa na saratani ya ndani ya pua, ya aina ambayo ni nadra sana kwa watu wengine. Ugonjwa huo hujitokeza baada ya miaka mingi, mara nyingi zaidi ya 20, na ndiyo sababu kijana anayeanza useremala leo hawezi kuambiwa akaamini. Umoja wa Ulaya, kuanzia Januari 2023, umeweka kiwango cha juu cha miligramu 2 tu za vumbi la mbao ngumu katika kila mita moja ya mraba wa hewa iliyopandishwa mita moja kwenda juu. Ukichukua vumbi la kutosha kushikwa kwa ncha za vidole viwili ukalitawanya chumbani, umekwisha kukipita kiwango hicho.

Pumu, kuwashwa macho, mafua yasiyoisha na vipele vya ngozi havingoji miaka 20. Mvule unajulikana kwa kuwasha ngozi na kuchokoza pumu. Grevilea, mti uliojaa katika mipaka ya mashamba yetu, nao huwasha ngozi za watu wengi. Mbao za kubandikwa kwa gundi, zile zinazoitwa MDF, zina kemikali ya fomaldehaidi ndani ya gundi, ambayo nayo imo katika kundi lile lile la kwanza.

Sasa turudi kwenye paipu. Shemeji aliniuliza swali la haki: vumbi likisha kuingia ndani ya paipu, mapafu yangu yanajuaje kama paipu ni ya bati au ya plastiki?

Jibu langu la kwanza lilikuwa moto. Eneo la Lugari halikuwa na shida ya mbao zamani. Msitu wa Turbo ulipandwa paini na saipresi kwa ajili ya kiwanda cha karatasi cha Webuye, ambacho mitambo yake ilisimama mwaka wa 2009. Lakini serikali ilipopiga marufuku ukataji miti katika misitu ya umma Februari 2018, mafundi wengi waligeukia miti ya mashambani na mbao kuukuu zilizobomolewa kwenye majengo. Mbao kuukuu zina misumari. Kisu cha randa kikigonga msumari hutoa cheche, na feni inayofanya kazi vizuri itaifyonza cheche hiyo pamoja na maranda makavu na kuipepea njia nzima. Ndani ya bati, cheche au kaa dogo litateketeza maranda yaliyokwama lakini paipu itabaki imesimama, nawe utapata nafasi ya kuzima. Plastiki italainika, itajikunja na kudondoka, tena ikiungua moshi wake una tindikali inayochoma koo na mapafu. Kumbuka upande wa pili wa ukuta kuna watoto wamelala.

La pili ni umeme tuli. Unga mkavu unapopita kwa kasi ndani ya plastiki huisugua na kuitia umeme, kama kitana kwenye nywele kavu. Fundi atapigwa shoti ndogo kila akiigusa paipu, na siku moja atashtuka akiwa ameshika mbao mbele ya msumeno. Hilo ndilo ninaloliogopa zaidi. Wapo watakaokutisha kwamba karakana italipuka. Milipuko ya vumbi la mbao ipo kweli. Mwaka wa 2012 viwanda viwili vya kupasua mbao nchini Kanada, kimoja Burns Lake mwezi Januari na kingine Prince George mwezi Aprili, vililipuka na wafanyakazi wawili wakafa katika kila kimoja. Lakini hivyo ni viwanda vikubwa vyenye vumbi la kila pembe. Kwa karakana ya fundi mmoja mlipuko wa umeme tuli ndani ya paipu ni jambo la nadra mno, na sipendi kumtisha mtu kwa lisilo na uzito. Moto wa pole pole ndani ya gunia la vumbi usiku wa manane ndio unaotokea.

Bati humaliza shida ya shoti kwa njia rahisi, maana hupitisha umeme. Unafunga waya wa shaba kutoka kwenye paipu hadi kwenye nondo ya shaba iliyogongwa ardhini, basi. Ila kila kiungo lazima kigusane bati kwa bati. Ukiziba kiungo kwa silikoni nene kiasi kwamba vipande viwili havigusani, umekata njia ya umeme, na kipande cha mbele kitakuwa sawa na plastiki.

La tatu ni la kawaida kabisa: jua na panya. Chini ya paa la mabati lisilo na dari, adhuhuri ya Januari, plastiki hulegea na kuning'inia katikati kama kamba ya nguo. Vumbi hukaa pale ilipobonyea. Panya nao, ambao Chekalini hawakosi kwa sababu ya maghala ya mahindi, huitafuna. Tundu dogo kwenye paipu ya kufyonza halitoi vumbi nje wakati feni inazunguka, kwa hiyo fundi haoni kitu. Linachofanya ni kuiba hewa, na mashine iliyo mwisho wa paipu inabaki inatema vumbi lake puani mwake.

Shemeji alikubali, kisha akanionyesha mabati mawili ya paa yaliyobaki alipojenga. Nikamwambia hayo nayo hapana. Bati la paa lina mikunjo, na mengi ni ya geji 30 au hata 32. Paipu pana iliyokunjwa kwa bati jembamba hivyo inaweza kufyonzwa ikaingia ndani kama kopo la soda, hasa milango yote ya mashine ikiwa imefungwa na feni inavuta. Nunua bati bapa lililopakwa zinki, geji 26 kwa paipu kuu, yaani unene wa takriban milimita 0.5. Kwa matawi mafupi geji 28 inatosha. Usihangaike kuagiza kutoka Nairobi. Fundi anayekunja mitaro ya paa na masanduku ya wanafunzi wa bweni anaijua kazi hii tayari. Mpe kipimo cha upana na umwambie mshono uwe nje, ndani pawe laini.

Kuna mambo mawili ambayo fundi wa bati hatayajua usipomwambia. La kwanza, kipande cha upande wa mashine kiingie ndani ya kipande cha upande wa feni, kama vile vigae vinavyolaliana kufuata maji, ili maranda yasikutane na ukingo wa bati. La pili, atumie ribiti na si skrubu ndefu. Ncha ya skrubu iliyochomoza ndani hukamata uzi mmoja wa maranda, uzi huo hukamata mwingine, na baada ya wiki mbili una kiota.

Na asichomelee. Hapa naomba msomaji anisikilize kwa makini kwa kuwa nimeliona mara nyingi nikiwa kazini. Bati lililopakwa zinki likichomwa kwa welding hutoa moshi mweupe. Anayeuvuta huhisi vizuri mchana, kisha saa chache baadaye, mara nyingi jioni au usiku, anatetemeka, anapata homa, viungo vinauma na mdomo una ladha ya chuma. Katika sehemu zetu za magharibi kila mtu atasema ni malaria. Atameza dawa, na kesho yake au keshokutwa homa itakwisha yenyewe kama ambavyo ingekwisha bila dawa, naye atasifu dawa na kurudi kuchomelea. Paipu ya bati hukunjwa, hupigwa ribiti na kuzibwa kwa utepe wa alumini. Haina haja ya welding hata kidogo.

Upana wa paipu ulituchukua muda, na ninakiri kwamba karatasi na kalamu zilihitajika. Vumbi na maranda yanahitaji hewa inayokwenda kasi ya takriban mita 20 kwa sekunde ili yasitue njiani. Kasi ikipungua yanalala ndani ya paipu, na hayo ndiyo makaa ya kesho. Paipu ya inchi nne kwa kasi hiyo hupitisha kama mita za ujazo 570 kwa saa, ya inchi tano kama 900, ya inchi sita karibu 1,300. Feni ya nguvu farasi moja na nusu, ikiwa na mfuko uliokwisha kuziba kiasi na kona kadhaa, ni vigumu ifikishe 1,300. Ndiyo maana nilimshauri paipu kuu iwe ya inchi tano, matawi ya inchi nne, na kila tawi liwe na kilango cha kuteleza cha bati ili mashine moja tu ifyonzwe kwa wakati mmoja. Wapo wanaoona paipu kubwa kuwa ni fahari. Paipu kubwa kuliko feni ni ghala la vumbi.

Kona nazo zinakula nguvu. Badala ya kona moja kali ya nyuzi 90, kunja mbili za nyuzi 45 zenye kipande kilichonyooka katikati. Matawi yaingie paipu kuu kwa mshazari, yakifuata mwelekeo wa hewa, si kwa kugonga ubavuni kama herufi T. Ile paipu laini yenye mikunjo inayopindika kama nyoka itumike tu pale mwisho, karibu na mashine, isizidi mita moja, kwa sababu hewa inasuasua ndani yake mara mbili au tatu kuliko ndani ya bati laini. Kama ina waya ndani, waya huo uunganishwe na bati pande zote mbili.

Lakini bati zuri namna gani halitamsaidia mtoto wa shemeji ikiwa feni inapuliza vumbi tena chumbani. Na hapa ndipo nilipokuwa mkali zaidi. Mifuko ya kitambaa inayokuja na feni za bei nafuu huzuia maranda na kupitisha ule unga laini wenyewe. Unaona karakana imekuwa safi, sakafu inang'aa, nawe unavuta hewa mbaya zaidi kuliko jana kwa sababu sasa umeacha hata kufunga barakoa. Feni iwekwe nje, upande wa pili wa karakana, mbali na dirisha, kisima na kamba ya nguo, wala isimwelekee jirani. Kabla ya feni pawe na pipa la chuma lenye mfuniko ambamo hewa huzunguka na kuacha maranda yaanguke. Maranda ya mbao za asili watu wa kuku wanayanunua. Ya MDF na ya mbao zilizotiwa dawa wasipewe, na wala yasichomwe jikoni.

Sheria yetu ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka wa 2007 haijali kama mahali pa kazi ni kiwanda cha watu 500 au kibanda cha nyuma ya nyumba chenye mwanagenzi mmoja. Inamtaka mwenye kazi azuie vumbi lisivutwe na wafanyakazi, na inapowezekana lifyonzwe karibu kabisa na pale linapotoka. Nikiwa kazini sikuwahi kuona karakana ya nyumbani ikikaguliwa kwa jambo hili, na sidhani wakaguzi wataongezeka kesho. Vyuo vyetu vya ufundi, hata hivyo, vinafundisha useremala katika jengo moja na ufundi wa bati katika jengo la pili, na wanafunzi wa majengo hayo mawili hukutana kwenye chakula tu. Sioni kwa nini mtihani wa mwisho wa mwanafunzi wa bati usiwe kumtengenezea mwenzake wa mbao paipu ya kufyonza vumbi.

Shemeji alirudisha paipu za choo. Muuza duka alimkata kiasi fulani cha pesa, jambo lililomuuma na ambalo bado ananidai kwa utani. Fundi wa bati alichukua siku nne. Nilipopita tena wiki iliyopita feni ilikuwa nje upande wa shamba la mahindi, pipa limekwisha kumwagwa mara mbili, na dirisha la watoto limefunguliwa mchana. Mtoto bado anatumia dawa yake ya kuvuta na ataendelea kuitumia. Daktari ndiye atakayesema lini ipunguzwe. Mashine ya msasa bado haijapata tawi lake kwa sababu bati lilikwisha. Nimemwambia asiiwashe hadi lipatikane, au aitolee nje na avae barakoa ya N95, si kile kitambaa anachojifunga. Ameahidi. Dada yake, ambaye ni mke wangu, amempigia simu kuhakikisha.